Sahani Iliyofunikwa

Jumamosi asubuhi, kwenye depo za unga na sukari zilizo kando ya soko la mtaa uitwao Kenya, huku Katanga, usitafute foleni. Kuna mabega, kuna viwiko, kuna koo. Mwenye sauti kubwa anahudumiwa, mwenye sauti ndogo anakanyagwa vidole. Na siku ile Régine hakuwa na sauti yoyote. Alisimama mbele ya kaunta, kikwembe chake cha samawati chenye ndege weupe kimemkaa vizuri kiunoni, nywele zimesukwa upya, na kila alipofungua mdomo mama mmoja nyuma yake alimpita kwa kelele.

"Papa! Sukari huku! Miye njo nilifika wa kwanza!"

Uongo mtupu. Wa kwanza alikuwa Régine.

Msimwonee huruma haraka. Msichana huyo alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa madini, na wavulana wa darasa lake walimbembeleza awaeleze hesabu zilizowashinda. Kichwa kilikuwa chepesi, moyo mwema, na uso nao haukuwa wa kugeuziwa mgongo. Ila akiwekwa mbele ya watu, koo lilifunga, mashavu yakawaka moto, na moyo ukapiga mbio mpaka akadhani kila mtu anausikia. Sentensi yake ya kununua unga aliifanyia mazoezi njia nzima kutoka kwao Naviundu. Alipofika, ilikuwa imeyeyuka.

Nyuma ya kaunta alikuwepo kijana mrefu, shati limejaa unga mpaka kwenye viwiko, penseli imechomekwa sikioni. Aliitwa Kakule. Alikuja kutoka Butembo, kule Kivu, kufanya kazi kwenye depo ya kaka yake, na alikuwa amemwona msichana yule tangu alipoingia.

"Bamama, ngojeni kiloko," alisema akiinua mkono. "Huyu mama iko hapa mbele yenu bote."

Watu wote wakageuka kumtazama. Kakule alidhani anamsaidia, kumbe amemtia kwenye tanuri. Régine alinyoosha kidole kwenye gunia.

"Unga? Mufuko muzima?"

Régine aligonga kaunta kwa kucha. Tok.

"Ile ni ndiyo?"

Tok.

"Na kama ni hapana?"

Tok, tok.

Kakule akacheka, kicheko cha mtu aliyefurahi, si cha mtu anayekejeli. "Bon. Weye na miye tumeshasikilizana." Akalibeba gunia mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni, jambo ambalo hakuwafanyia wateja wengine, na bamama wakaanza kukohoa kwa maana. Aliporudi kumwomba namba ya simu, Régine hakusema kitu. Aliiandika kwa kidole kwenye vumbi la unga lililotanda juu ya kaunta, akaondoka bila kugeuka nyuma. Kakule hakuipangusa kaunta ile mpaka jioni.

Basi zikaanza simu. Kila alipofunga depo, Kakule alipiga.

"Régine? Uko?"

Tok.

"Ulikula bukari ya unga yetu?"

Tok.

"Unanifikiriaka?"

Kimya. Kisha tok, tok.

"Ah! Weye uko mubaya! Miye huku nakosea hesabu za bantu juu yako, na weye unanigongea mbili?"

Akamsikia Régine anacheka. Kicheko kile kilimkosesha usingizi.

Polepole sauti ikatoka. Wakiwa wawili tu, kwenye njia ya chuo ambako majakaranda yanamwaga maua ya zambarau, Régine aligeuka mtu mwingine. Aliongea bila kituo. Alimtania juu ya viatu vyake, juu ya Kiswahili chake cha Kivu, juu ya mashati yake yenye harufu ya sukari.

"Cheri, weye unasemaka hivi?" Kakule alishangaa. "Juu ya nini kwa depo unakuwaka bubu?"

"Pale kuko bantu."

"Na miye siko muntu?"

"Weye uko Kakule," alisema, na akaona neno hilo linatosha.

Kijana akayeyuka. Kabla maua ya jakaranda hayajaisha njiani, alikuwa amemwambia kaka yake kwamba ameona mke.

Hapa lazima niwaeleze habari ya sahani, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa lililotokea.

Ukoo wa baba yake Régine unatoka kaskazini mwa Katanga, watu wa reli na wa misa ya kwanza. Zamani, nkambo wao mmoja, bibi wa kale, aliozwa bila kuulizwa. Walimpakia kwenye treni akilia, akalia kituo baada ya kituo, na abiria wakadhani amefiwa. Binti yake mwenyewe alipochumbiwa, nkambo huyo aliichukua sahani ya wachumba yenye zawadi za posa, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akaiweka chini mbele ya wazee na kusema kwamba haitafunuliwa mpaka binti aseme kwa mdomo wake. Tangu hapo ndivyo ilivyo katika ukoo ule. Binti anaulizwa mara tatu. Akisema ifunuliwe, inafunuliwa. Akinyamaza, inarudishwa ilivyokuja. Kutikisa kichwa hakukubaliwi, maana kichwa kinaweza kutikiswa kwa jicho la mama.

Régine aliijua desturi hiyo tangu utoto, na aliipenda. Lakini hakumwambia Kakule kwamba inamtia hofu. Alijifariji kwamba ni neno moja tu, na neno moja nani atashindwa?

Wageni walifika Jumapili baada ya misa. Kaka yake Kakule alivaa suti nyeusi iliyombana tumboni, wake zake walivaa vikwembe vya aina moja, kijani na dhahabu. Sebule ya mzee Faustin, baba yake Régine, ilijaa mpaka mlangoni. Régine akatolewa chumbani katikati ya binamu zake, amependeza kupita kiasi, akakalishwa kwenye kiti cha sofa. Macho yote yakawa kwake.

Baba mkubwa Zéphirin, msemaji wa ukoo, akasimama.

"Régine, mutoto yetu. Aba bantu banasema bamekuya juu yako. Sahani njo hii. Tufunue ao tuache?"

Régine alitazama huku na huku. Alimwona mjomba mmoja akiinama kusikia vizuri, akaona wanawake wa Kivu wakimpima juu mpaka chini, na kichwani mwake kukawa na kelele moja tu: wanakuona, unatetemeka, wanakuona.

"Tufunue ao tuache?"

Aligonga kwa kucha kwenye mkono wa kiti. Akagonga tena. Kiti kilikuwa cha velveti, hakikutoa sauti yoyote.

"Mara ya mwisho, mutoto yetu. Tufunue ao tuache?"

Zéphirin alisubiri muda mrefu, masikini, akimtazama kwa macho ya kumsihi. Kisha aliinama, akaichukua sahani kwa mikono miwili, akaiweka magotini mwa kaka yake Kakule.

"Lakini kwetu binti akinyamaza ni heshima!" alisema kaka mtu. "Ni ndiyo!"

"Kwetu, papa, kunyamaza ni kunyamaza. Mutusamehe."

Wakaondoka. Kakule alipita mbele yake bila kumtazama, na Régine alibaki ameganda kwenye kiti, akiona aibu mpaka kwenye mifupa.

Jioni simu ililia.

"Régine, sema neno moja," alisema Kakule. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Usigonge. Leo sitaki kugongewa. Yaya yangu, kaka yangu mukubwa, amebeba ile sahani mbele ya wake zake na barabara nzima. Kama hunitake, sema. Kama unanitaka, sema."

Régine alifungua mdomo. Hewa ikatoka, hewa tu. Alipokata tamaa akagonga, na Kakule akakata simu. Juma lile kaka yake alimtuma Kasumbalesa kufuatilia malori yaliyokwama mpakani, na yeye akashukuru kupata sababu ya kuondoka mjini.

Mapalo, rafiki wa Régine darasani, alimkuta analia nyuma ya maabara.

"Njoo," alisema Mapalo. "Kuko madame moja hapa chuo, mwanasaikolojia. Miye nilikuwa natapikaka mbele ya kila mutihani wa kusema."

"Weye? Weye mwenye kelele hivi?"

"Kelele njo nilikuwa najifichaka mule."

Madame Katongo alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, viatu amevivua. Wanafunzi walikaa kwa duara, na kila mmoja alionekana kutamani kiti chake kimmeze. Ulikuwa msimu wa masuku. Alimpa kila mtu tunda moja, akawaambia walishike, walinuse, walile polepole, waone tu kilichopo mdomoni. Akili ikikimbia, wairudishe bila kuigombeza. Régine aliona ni mchezo wa watoto. Alikuja kutafuta dawa, naye anapewa masuku!

Mwisho wa kikao alinong'ona, "Madame, hii woga itatoka siku gani?"

"Sijue, mama. Pengine haitatoka."

Régine alitaka kuchukua mkoba wake aende.

"Ngoja. Unapiganaka nayo tangu siku gani?"

"Tangu primaire, niko mutoto."

"Na nani anashindaka?"

Duara zima likacheka, na Régine mwenyewe akacheka, kwa sababu jibu lilikuwa wazi.

"Basi tuache kupigana," alisema Madame Katongo. "Ikuye, ikae pembeni yako. Haina kazi ya kukuomba ruhusa, na weye usiiombe ruhusa. Lakini niambie: unataka kusema juu ya nini, sababu yako ni gani? Usiniambie juu ya kupata pointi."

Régine alifikiri. "Juu ya sahani," alisema, na kwa mara ya kwanza akasimulia mkasa wote mbele ya watu, sauti ikitetemeka, akizitazama kokwa za masuku mkononi. Watu hawakucheka. Kijana mmoja alifuta macho.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko somo la metalurjia. Alijifunza kuzisikia nyayo zake sakafuni. Alijifunza kuacha pumzi iingie na itoke bila kuisukuma. Lile wazo la zamani lilipokuja, hakuliamini wala hakulifukuza, alilitaja kwa jina lake: "Kichwa yangu inaniambia, bote banakuona." Kisha alifanya alichokuja kufanya. Madame Katongo aliwatuma sokoni waulize bei kwa sauti, na wakifika kwa muuza nyanya waulize bei ya samaki. Régine aliuliza. Muuza nyanya alimtukana vizuri sana, na Régine akarudi anacheka mpaka mbavu zinauma.

Siku nyingine mambo yaliharibika. Aliinua mkono darasani, sauti ikakatika katikati, mvulana mmoja akaiga mlio wa mbuzi. Régine alirudi nyumbani akalala mchana kutwa na blanketi usoni. Kikao kilichofuata alienda, akawasimulia wenzake mlio wa mbuzi, na Mapalo akamwambia ana bahati, yeye aliwahi kutapikia viatu vya profesa.

Mvua zikaja, zikaisha. Hofu haikuhama. Ila Régine aliacha kuipangia maisha.

Kiangazi cha huku kilipoanza na baridi yake, Zéphirin alikuja kumwona mdogo wake. Uso wa mzee huyo ulikuwa na mzigo. Tangu siku ile, kuirudisha sahani kulimnyima raha.

"Faustin, nilisema na bazee," alianza. "Huyu mutoto iko na matatizo ya kusema, tunaona. Tunaweza kubadilisha. Atikise kichwa tu, shiye bazee tutashuhudia. Tutume muntu kwa bale ba Kivu."

Mzee Faustin, fundi wa reli mstaafu, mtu wa maneno machache, alimtazama binti yake. Hakuna alichokitaka zaidi ya kumwona binti huyo ana furaha, na mlango ulikuwa umefunguliwa.

"Hapana, baba mukubwa," alisema Régine.

"Hunitake nikusaidie?"

"Nakushukuru. Lakini nkambo alilia njia nzima juu tupate ile sauti. Mukinitikisisha kichwa, kesho mutoto wa mwingine atatikisishwa kichwa hata kama hapende. Miye nitasema. Inaweza kutetemeka, lakini nitasema."

Faustin aliinuka akaenda uani, akajifanya anatafuta kitu.

Jumamosi Régine alivaa kile kikwembe cha ndege weupe akaenda soko la Kenya. Alikuwa amesikia kwamba Kakule amerudi kutoka mpakani. Depo ilijaa kama kawaida. Alimwona nyuma ya kaunta, amekonda, penseli sikioni, hatabasamu kwa mtu. Moyo ukaanza mbio zake. Karibu, aliuambia. Akasikia nyayo zake kwenye saruji.

"Kakule!"

Hakusikia. Akapaza zaidi.

"KAKULE!"

Depo ikanyamaza. Kakule akainua kichwa, na gunia alilokuwa analishusha likamponyoka, likapasuka, unga ukaruka mpaka kwenye magoti ya watu.

"Siku ile niliogopa," alisema Régine. Sauti ilitetemeka. "Sikukukataa. Niligonga kwa kiti, lakini kiti ilikuwa ya velveti. Niko naogopa hata sasa, bote banavyoniangalia. Lakini niko nasema. Nakupenda. Ambia yaya yako alete tena ile sahani."

"Eeeh!" mama mmoja alipiga kelele. "Papa, jibu mutoto wa bantu!"

"Unasema na sauti yako," alisema Kakule, kama mtu asiyeamini.

"Njo yangu. Inatetemeka, lakini ni yangu."

Kakule aliruka kaunta. Alisimama mbele yake mweupe kwa unga, hakuthubutu kumshika mbele ya bamama wote wale. "Malkia wangu," alisema chini chini, "miezi yote hii nilidhani nimekuchosha na maneno yangu. Nilikukatia simu. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Utanunua bikwembe bingapi?"

"Depo nzima!"

"Depo ya nani?" iliuliza sauti nzito. Kaka mtu alikuwa ametoka ofisini, mikono kiunoni. Watu wakasogea. Huyu ndiye aliyefedheheshwa, na hakuwa mtu wa kusahau.

Régine alimgeukia, akapiga goti kidogo kwa heshima. "Yaya, nilikuletea haya mbele ya bantu. Naomba musamaha mbele ya bantu. Kwetu binti anasemaka mwenyewe. Mukikuya tena, nitasema."

Kaka mtu alimtazama, akautazama unga uliomwagika sakafuni, akamtazama mdogo wake aliyejaa vumbi na matumaini.

"Tutakuya," alisema mwishowe. "Lakini safari hii naleta sahani ndogo. Ile kubwa ilinichosha mikono kuirudisha."

Depo ikalipuka kwa vicheko na vigelegele.

Jumapili iliyofuata sebule ilijaa tena. Suti nyeusi ilikuwa ileile, imebana zaidi. Mapalo alikaa dirishani na Madame Katongo, aliyealikwa kama mtu wa familia. Régine alikataa sofa. Aliomba kiti cha mbao, akaweka nyayo zake chini sawasawa.

Zéphirin akasimama. "Régine, mutoto yetu. Sahani njo hii. Tufunue ao tuache?"

Hofu ilikuja, tena na ukoo wake wote. Mwanamke mmoja wa Kivu akashika mdomo, Kakule akainamisha kichwa. Régine hakukimbilia neno. Aliiacha pumzi iingie, akaiacha itoke.

"Tufunue ao..."

"Mufunue!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia, mpaka mtoto wa jirani akashtuka uani. Na kwa kuwa ilikuwa imeshatoka, hakuirudisha ndani.

"Miye Régine, mutoto wa Faustin wa reli, mujukuu wa ule mama aliyelia mu treni. Hakuna muntu ananisukuma. Namujua Kakule, namupenda, namutaka. Baba mukubwa, mufunue sahani."

Zéphirin aliondoa kitambaa cheupe, machozi yakimdondokea ndevuni. Mzee Faustin alisimama wima, kifua mbele, kama siku za zamani treni ilipoingia kituoni kwa saa yake, akawatazama wageni mmoja mmoja.

"Munasikia?" aliwaambia. "Ule ni mutoto yangu."

Vigelegele vikapasua bati. Vilipopungua, Zéphirin alimgeukia mchumba. "Na weye, kijana? Binti amesema. Weye unasema nini?"

Kakule alisimama. Yule mtu wa simu ndefu, mwenye maneno ya kuuza unga kwa mwenye shibe, alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yamemjaa kooni, na watu wote wakawa wanamtazama.

Akainama, akagonga meza kwa kucha. Tok.

Wageni wakaangaliana. Régine alicheka, akapangusa macho, akasimama mbele ya koo zote mbili.

"Bandugu," alisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia, "anasema ndiyo."